Jinsi ya kufanya tathmini ya huduma za utumishi na usawa kazini kwa askari magereza, Tabora na Kigoma: mwongozo kamili

Wadau wa utumishi, hasa nyie mlioko fildi huku Tabora na Kigoma, pamoja na maafande mliopewa kazi ya kukagua vituo vyenu wenyewe, ripoti zenu nyingi nimezisoma na zinakwama palepale. Mtu anafika gerezani, anakaa ofisi ya utumishi, anahesabu majalada, anagawa dodoso, askari wote wanajaza "naridhika sana", anarudi anaandika huduma ni nzuri. Halafu ukikaa na askari wawili nje ya kambi unasikia mmoja anadai malimbikizo ya muda mrefu na mwingine aliomba uhamisho hajui hata barua iliishia wapi. Ripoti ya hivyo haimsaidii yeyote, hata huyo mkuu wa gereza aliyekufungulia geti.

Njia ninayoieleza hapa ni ya kufuata ombi. Unachukua ombi la askari toka siku alipoliandika mpaka siku jibu lilipomfikia mkononi, halafu unaangalia nani anajibiwa haraka, nani anasubiri, na nani hakuomba kabisa kwa sababu tangazo halikumfikia. Hatua zingine zote zipo kusaidia hiyo.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaondoka

- Kibali cha maandishi. Gerezani huingii kwa kujuana. Barua inaenda kwa Kamishna Jenerali wa Magereza makao makuu Dodoma, inashuka kwa mkuu wa magereza wa mkoa, ndo inafika kwa mkuu wa gereza. Kama ni mwanafunzi, labda wa Chuo cha Utumishi wa Umma tawi la Tabora, anza na barua ya chuo na uanze mapema.
- Katiba ya 1977, Sheria ya Magereza ya 1967, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kanuni za ndani za Jeshi la Magereza utakazoruhusiwa kuzisoma.
- Kanuni za Mandela za 2015 (kuhusu kuwatendea wafungwa) na Kanuni za Bangkok za 2010 (kuhusu wafungwa wanawake), zote za Umoja wa Mataifa. Watu wanadhani zinahusu wafungwa tu, kumbe zina vipengele vizima kuhusu watumishi.
- Daftari gumu lenye kurasa zilizopigwa namba, kalamu za kutosha, na fomu zako umeshazitoa kopi. Usitegemee simu, mara nyingi inabaki getini.
- Timu ya watu wasiopungua wawili, na mmoja awe mwanamke. Hili sio la kuomba radhi mkiwa mmeshafika, bila mwanamke kwenye timu hatua ya 6 haifanyiki vizuri.
- Nauli na siku za kufika vituo vya mbali. Ukiishia Uyui kwa Tabora na Bangwe kwa Kigoma umepima vituo vya mjini tu. Panga uende Kwitanga kwenye michikichi au Ilagala, na kama ni msimu wa mvua ongeza siku.

## Hatua ya 1: Jua sheria ipi inamhusu askari magereza

Hapa ndo wengi wanaanguka, na wanaanguka pande zote mbili.

Upande wa kwanza ni wale wanaochukua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yote kama ilivyo, wanapima likizo na saa za kazi za askari kwa vifungu vyake, wanahitimisha gereza limevunja sheria. Kifungu cha 2 cha sheria hiyo kinasema haiwahusu Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Kwa hiyo likizo, zamu na nidhamu ya askari unapima kwa Sheria ya Magereza na kanuni za Jeshi lenyewe.

Upande wa pili wakishasoma hapo wanafunga kitabu, wanasema sheria hii haina kitu kwa askari. Endelea kusoma kifungu hichohicho cha 2. Kinasema vifungu vya 5, 6 na 7 vinawahusu na wao. Cha 5 ni ajira ya watoto, cha 6 kazi za kulazimishwa, na cha 7 ni marufuku ya ubaguzi, yaani ndo moyo wa tathmini yako.

Kifungu cha 7 kinamtaka mwajiri akuze fursa sawa na kuondoa ubaguzi, na kinataja misingi yake: rangi, utaifa, kabila au mahali mtu anakotoka, maoni ya siasa, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU, umri na mingine. Unyanyasaji kwa misingi hiyo nao unahesabiwa ni ubaguzi. Halafu kinaweka na yasiyo ubaguzi, mfano sifa ambayo kazi yenyewe inaidai. Mwanamke kupangiwa kupekua wafungwa wa kike ni sifa ya kazi. Mwanamke kunyimwa kozi ya uongozi eti ana mtoto mdogo, hiyo kazi haijadai.

Ongeza na haya mawili. Askari magereza hana chama cha wafanyakazi cha kumsemea, kwa hiyo njia zake ni mkuu wake, baraza la askari, ngazi za juu za Jeshi, na nje ya hapo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Pili, Tanzania iliridhia mwaka 2002 Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1958, unaohusu ubaguzi kwenye ajira, unaweza kuutumia kama kipimo cha juu.

Onyo: usiweke swali la chama cha siasa kwenye fomu yako. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza askari kujiunga na chama, ukimuuliza unamweka pabaya bure.

Umefaulu hapa kama unaweza kumweleza mkuu wa gereza kwa ukurasa mmoja ni nini unapima na kwa sheria ipi, na yeye akakubali kwamba ndivyo.

## Hatua ya 2: Chagua huduma tano, usizidishe

Chukua kupanda cheo, kwenda kozi, uhamisho, likizo pamoja na malipo yake, na nyumba za kambini. Hizi zote zina ombi au orodha, kwa hiyo zinafuatika kwenye karatasi. Ukiongeza sare, posho, michezo na bwalo utatoka na kurasa nyingi zisizosema kitu.

## Hatua ya 3: Pata orodha ya kweli ya askari

Usichukue orodha moja ya ofisi ya utumishi ukaridhika. Omba tatu: ya utumishi, ya mishahara, na rosta ya zamu ya mwezi huu. Ziweke pamoja. Utakuta jina lipo kwenye mishahara halipo kwenye rosta, maana yake huyo mtu ameazimwa kituo kingine, yuko kozi, anaumwa, au ana kazi maalumu isiyo na zamu. Uliza mmojammoja. Watu wa hivi ndo wanasahaulika kwenye huduma, na wakati mwingine ndo wanaopendelewa, na hujui mpaka umewaona.

Kituo kidogo chukua askari wote. Kituo kikubwa chagua kwa mpango, mfano kila jina la 4, ila makundi madogo yachukue yote bila kuchagua: wanawake, wenye ulemavu, wageni waliotoka chuo karibuni, na wanaokaribia kustaafu. Sababu ni rahisi, ukichagua kwa bahati kundi la watu 5 linaweza kutoka na mtu 1 au likakosa kabisa.

Umefaulu kama kila jina lina maelezo ya yuko wapi leo.

## Hatua ya 4: Fuata ombi kwenye jalada

Hii ndo kazi yenyewe, ipe nusu ya muda wako.

Tengeneza fomu yenye safu hizi: namba ya siri ya askari (jina liandike kwenye karatasi nyingine unayokaa nayo mwenyewe), cheo, jinsia, kituo, aina ya ombi, tarehe ya barua, tarehe ya mhuri wa kupokelewa, maoni ya mkuu, tarehe ya kusindikizwa mkoani, tarehe ya jibu, tarehe askari aliposaini kupokea.

Sasa fungua jalada. Barua ya askari iangalie taratibu. Juu kuna tarehe aliyoandika kwa mkono wake, pembeni kuna mhuri wa kupokelewa. Ukikuta barua imeandikwa tarehe 3 na mhuri ni wa tarehe 29, siku hizo 26 barua ilikuwa mfukoni, mezani au kwa mtu anayesubiri mkuu awe na nafasi, na hiyo hakuna mfumo wa kompyuta utakaokuonyesha. Shuka chini usome maoni. "Naunga mkono" ni jibu. "Hana mbadala" pia ni jibu, lakini liandike neno kwa neno maana utalihitaji hatua ya 5. Halafu angalia namba za folio, yaani namba za karatasi ndani ya jalada, zikiruka kutoka 41 kwenda 43 uliza 42 iko wapi, uliza kwa upole, jalada lina mtu anayeliangalia na huyo mtu atakusaidia sana usipomshtua.

Safu ya mwisho ndo inaachwa wazi mara nyingi. Makao makuu yamejibu, mkoa umepokea, gereza limepokea, askari hajasaini. Kwenye ripoti za kawaida hilo ombi linahesabiwa limejibiwa, kwako lihesabu bado.

Ukikokotoa muda wa kusubiri tumia siku ya katikati, yaani panga toka ndogo mpaka kubwa uchukue iliyo katikati, wastani utakudanganya. Maombi 5 yakichukua siku 9, 12, 14, 20 na 400, wastani ni siku 91 na hakuna askari hata mmoja aliyesubiri siku 91. Ya katikati ni 14. Andika 14, halafu lile la siku 400 lielezee peke yake kwa sababu huyo ni mtu mmoja mwenye shida yake.

Onyo: matokeo ya hospitali ukikutana nayo ndani ya jalada usiyanakili wala usiyasome mpaka mwisho. Liandike tu kwamba taarifa za afya zimekutwa kwenye jalada la wazi, hiyo yenyewe ni dosari, kwa Sheria ya UKIMWI ya 2008 na kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

## Hatua ya 5: Soma rosta ya zamu kama unavyosoma jalada

Chukua rosta za miezi 3, sio mwezi mmoja, mwezi mmoja unaweza kuwa na sherehe au msiba ukaharibu picha. Hesabu kila askari ana zamu ngapi za usiku, Jumapili ngapi, na mara ngapi jina lake limeandikwa juu ya jina lililofutwa. Majina yaliyofutwa yana habari: nani anabadilishiwa zamu akiomba, na nani anawekwa kuziba pengo la mwenzake kila mara.

Kanuni ya 81 ya Mandela inataka wafungwa wa kike wasimamiwe na askari wa kike. Ni kanuni nzuri na lazima ifuatwe. Ila fikiria gereza la wilaya lenye askari wa kike 4. Mmoja yuko likizo ya uzazi, mmoja yuko kozi Ukonga, wamebaki 2. Hao 2 wanagawana mchana na usiku wa upande wa wanawake, upekuzi wa kila anayeingia, kumsindikiza mahabusu wa kike mahakamani na mwingine hospitali kujifungua. Mmoja wao akiomba kozi ya kupanda cheo, mkuu anaandika "hana mbadala", na kusema kweli hana. Mwaka unaofuata hivyohivyo. Baada ya miaka kadhaa wenzake wa kiume aliomaliza nao depo ni masajenti, yeye bado yuko cheo kilekile, na ukiuliza hakuna mtu aliyembagua kwa mdomo wala kwa maandishi.

Hiyo ndo sura ya kutokuwa na usawa utakayoikuta mara nyingi magereza ya mbali, kwa hiyo usiende unatafuta bosi mbaya. Tatizo liko kwenye ikama, yaani idadi ya askari waliopangiwa kituo, na dawa yake ni ya ikama: kuomba nafasi za kike zaidi kituoni, au utaratibu wa kuazimana askari wa kike na gereza la jirani kwa muda wa kozi. Kanuni ya 32 ya Bangkok inasema askari wa kike wapate mafunzo sawa na wa kiume, na ya 30 inautaka uongozi wenyewe ujifunge kuzuia ubaguzi wa kijinsia kwa watumishi. Nukuu zote mbili unapopendekeza, mkuu wa gereza anayeomba askari wa kuongezwa atafurahi kuwa na kitu cha kushika.

Angalia na upande wa wanaume. Kuna vituo ambako vijana walewale ndo wanapewa lindo la usiku na kusindikiza magenge ya wafungwa wa shambani, wengine wako ofisini mwaka mzima. Lihesabu vilevile.

Umefaulu kama unaweza kuweka "hana mbadala" za hatua ya 4 pembeni ya rosta na kuona kama kweli mbadala hakuwepo.

## Hatua ya 6: Ongea na askari bila kuwaponza

Karatasi zimeshakupa maswali, sasa ndo unakaa na watu. Usianze na mazungumzo halafu karatasi, utaishia kubebwa na anayeongea sana.

Tenganisha vyeo, koplo haongei mbele ya afande mwenye cheo cha mkaguzi. Usifanyie ofisi ya utumishi wala karibu na mlango wa mkuu. Mwombe mkuu wa gereza mwenyewe atangaze kwenye paredi kwamba mazungumzo ni hiari na hakuna orodha ya walioongea atakayopewa, tamko hilo likitoka mdomoni mwake lina uzito kuliko likitoka kwako.

Swali la "unaridhika na huduma?" litupe. Uliza: mara ya mwisho uliomba nini? Ulimkabidhi nani barua? Ulijuaje kuhusu kozi iliyopita? Jibu la hilo la tatu linafunua mengi. Mmoja atasema alisikia paredi, mwingine kwenye grupu la WhatsApp, mwingine ubaoni, na aliyetoka lindo la usiku atakwambia alisikia wenzake wameshaondoka. Huyo hakukataliwa, hakupata hata nafasi ya kukataliwa, na kwenye majalada hayupo kabisa.

Kuhusu unyanyasaji wa kijinsia, askari wa kike aongee na mwanamke wa timu yako, peke yao. Usichimbe maelezo, wewe sio mpelelezi. Uliza kama anajua pa kupeleka malalamiko yakimpata, na kama anapaamini. Akikueleza lililompata msikilize, mweleze njia zilizopo, na usimwahidi chochote ambacho hakiko mikononi mwako.

VVU usimuulize mtu hali yake hata kwa kuzunguka. Unachoweza kuuliza ni kama karatasi za kliniki zinapitia mikono ya mkubwa wake wa kazi.

Na daftari la malalamiko likiwa tupu usiandike "hakuna malalamiko". Andika daftari liko tupu, halafu andika askari wangapi walijua kwamba daftari hilo lipo.

Onyo kubwa: kwenye gereza lenye askari wa kike 3, ukiandika "askari mmoja wa kike alisema" umeshamtaja. Changanya majibu ya vituo kadhaa pamoja ndo uyaripoti. Nguvu ya ripoti yako haina thamani kuliko kazi ya mtu.

## Hatua ya 7: Piga hesabu ndogo, kwa uangalifu

Linganisha makundi kwa kiwango, kisha gawanya kidogo kwa kikubwa. Namba za mfano tu: askari wa kiume 40 wenye sifa, walioenda kozi 20, ni asilimia 50. Wa kike 12 wenye sifa, walioenda 3, ni asilimia 25. Gawanya 25 kwa 50 unapata 0.5. Marekani toka 1978 wana mwongozo kwamba ikishuka chini ya 0.8 ni dalili ya kuchunguza. Sio sheria ya kwetu, usiinukuu kama sheria, ila kama kengele inafaa.

Kisha jaribu kubadilisha mtu mmoja. Kama wangeenda wanawake 4 badala ya 3 ungepata kama 0.67, bado chini, kwa hiyo dalili inasimama. Lakini kundi la wanawake 4 ambapo kaenda 1, ukiongeza mmoja tu unaruka kutoka 0.5 mpaka 1, pengo lote limepotea. Kundi dogo hivyo usiandike asilimia, andika idadi ya watu na usimulie kilichotokea.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa mjini dhidi ya vituo vya mashamba. Nimeona watu wanaishia kwenye jinsia wanasahau kwamba wa kiume wa gereza la kilimo naye anaweza kuwa nyuma sana ya mwenzake wa mjini.

## Hatua ya 8: Andika, rudisha, kisha peleka

Kila dosari iandike kwa mambo matano: kilichokutwa, kinachotakiwa na kinatoka wapi, sababu, madhara kwa askari, na pendekezo lenye mhusika na tarehe. "Huduma iboreshwe" sio pendekezo. "Ofisi ya utumishi igonge mhuri barua siku hiyohiyo na impe askari nakala yenye mhuri" ni pendekezo, halihitaji bajeti na linaweza kuanza Jumatatu.

Andika na yanayofanyika vizuri, kwa ushahidi uleule. Karani wa masijala (ofisi ya majalada) anayefuatilia majibu mpaka mtu asaini anastahili kusemwa.

Rasimu ipeleke kwa mkuu wa gereza kabla haijaenda mkoani, mpe siku 7 za kusahihisha ukweli, na masahihisho yake yaweke kwenye ripoti hata kama hukubaliani nayo. Utakuta mengine ulikosea kuyasoma, na mengine atayarekebisha kabla hata ripoti haijafika.

Zile karatasi zenye majina zichome au zisage baada ya ripoti kukamilika, fomu zenye namba za siri zibaki. Hizo ndo utakazorudi nazo baada ya miezi 6, ufungue majalada yaleyale, uanze na safu ya mwisho, ile ya askari kusaini kupokea.